Usiku wa tatu naitafuta nyotamkia ya Wirtanen na sioni kitu. Nakosea wapi?

Kesha, 11 Desemba 2018

Wakuu, heshima kwenu. Huu ni usiku wa tatu niko nje na darubini ya macho mawili, 10x50 (inakuza mara 10, lenzi za milimita 50), naitafuta 46P/Wirtanen. Kila ninaposoma naambiwa hii ndiyo nyotamkia ya mwaka, daraja la 4 la mwangaza (namba ikiwa ndogo, kitu kinang'aa zaidi), macho matupu yanatosha. Nyota za daraja la 4 mimi naziona vizuri. Hapa nilipo taa ya karibu iko nyuma ya kilima. Programu ya ramani ya anga, Stellarium, inanionyesha mahali ilipo, naelekeza darubini palepale. Nyota zote zimekaa kama ramani inavyosema. Nyotamkia hakuna.

Picha za watu zina mpira wa kijani unaowaka. Mimi sijaona kijani, sijaona mkia, sijaona hata dalili. Tarehe 16 itakuwa karibu nasi kuliko siku zote za safari hii, kilomita milioni 11.6, na sitaki inipite. Nakosea wapi?


Bi Kilimia, 12 Desemba 2018

Kesha, pole kwa mkesha. Mahali hujakosea. Nina hakika umeitazama, tena zaidi ya mara moja, ukaipita.

Kinachokupoteza ni hiyo namba 4. Nyota ya daraja la 4 mwanga wake wote umekusanyika kwenye nukta moja. Nyotamkia ya daraja la 4 ina mwanga huohuo, ila umetandazwa. Wirtanen safari hii iko karibu mno, kwa hiyo wingu lake la gesi limetanda angani kwa upana unaozidi mwezi mzima. Dondosha tone la wino kwenye kikombe cha maji, maji yanageuka rangi. Dondosha tone lilelile kwenye pipa, utaapa hakuna aliyedondosha kitu. Ukaribu huo watu wanaoushangilia ndio unaoifanya iwe ngumu.

Acha kutafuta kitu kinachong'aa. Tafuta mahali ambapo weusi wa anga si sawasawa, kama kioo kilichopuliziwa pumzi.

Na kabla ya kuirudia, fundisha macho yako ukungu kwa vitu visivyohama. Anza na nebula, yaani wingu la gesi, iliyo kwenye upanga wa kundinyota la Jabari (Orion). Hiyo ni rahisi. Kisha galaksi ya Andromeda. Walioko kusini mwa dunia wana Mawingu ya Magellan, shule nzuri kuliko zote. Ukishaiona Andromeda kwa macho matupu bila kuambiwa ilipo, utaiona na Wirtanen.

Charles Messier, Mfaransa aliyekuwa akitafuta nyotamkia, aliandika orodha yake maarufu kwa sababu hiyohiyo. Mwaka 1758 alikuwa akifuatilia nyotamkia akakutana na ukungu kwenye kundinyota la Ng'ombe. Usiku uliofuata na uliofuata, ukungu ule haukuhama. Haukuwa nyotamkia. Akaanza kuorodhesha kila ukungu wa namna hiyo ili usimpotezee muda yeye wala mwingine. Leo orodha ina vitu 110, na watu wanaipitia kwa ajili ya kuona vitu vyenyewe. Yeye alikuwa anaandika vya kuepuka.


Lenzi50, 12 Desemba 2018

Naongezea ya Bi Kilimia, mambo ya mkono tu.

Giza la macho. Dakika 20 hadi 30 bila kuona mwanga wowote mweupe. Ukifungua simu kuangalia Stellarium mara moja, umerudi mwanzo. Kesha, umesema programu inakuonyesha ilipo. Unaitazama simu katikati ya kutafuta? Kama ndiyo, hapo napo pana jibu. Washa hali ya usiku ya rangi nyekundu, punguza mwanga mpaka chini kabisa, au bora uchore ramani kwenye karatasi mapema na uisome kwa tochi iliyofunikwa plastiki nyekundu.

Kutazama kwa pembeni. Katikati ya jicho pamejaa seli za rangi na za mambo madogo madogo, na seli hizo hazifai gizani. Zile za giza ziko pembezoni. Kwa hiyo ukiweka macho juu ya nyotamkia yenyewe inafutika. Weka macho kwenye nyota iliyo kando yake, halafu sikilizia ile sehemu usiyoitazama.

Kutikisa. Gonga darubini taratibu kwa kidole. Jicho gizani hukamata kinachosogea kuliko kilichotulia. Ukungu ambao haukuonekana unajitokeza ghafla ukitikisika, ukitulia unapotea. Wengi huona nyotamkia yao ya kwanza kwa njia hii.

Na lenzi. Rekebisha kwenye nyota mpaka iwe nukta kali, jicho moja moja. Darubini ikiwa nje ya fokasi kidogo tu, kila nyota ni ukungu na wewe unatafuta ukungu.

Kuhusu kijani: usikisubiri. Rangi ile inatoka kwenye molekuli za kaboni mbilimbili zinazochangamshwa na mwanga wa jua. Ipo kweli, lakini mwanga ni hafifu mno kwa seli za rangi. Kamera inakusanya mwanga kwa dakika nzima, jicho haliwezi. Utaona kijivu, na kijivu hicho ndicho chenyewe.


Mbalamwezi, 12 Desemba 2018

Samahani naingilia. Nyotamkia na kimondo si kitu kimoja? Jana nimeona kitu chenye mkia kikapita kwa sekunde moja, nikajua ndiyo hiyo.


Bi Kilimia, 12 Desemba 2018

Karibu, Mbalamwezi. Ulichoona ni kimondo: kijiwe kidogo, mara nyingi kama punje ya mchanga, kinaungua hapa hapa kwenye angahewa letu. Nyotamkia iko mbali, nje kabisa, ni kiini cha barafu na vumbi chenye upana wa kilomita kadhaa kinachozunguka jua. Haichomoki. Utaiona inachomoza na kutua pamoja na nyota, na kesho itakuwa imesogea kidogo tu.

Undugu upo, usijilaumu. Vumbi linalomwagwa na nyotamkia hubaki njiani mwake, na dunia ikikata njia hiyo tunapata manyunyu ya vimondo. Ya mwezi wa 5 kwenye kundinyota la Ndoo na ya mwezi wa 10 kwenye Jabari yote ni vumbi la nyotamkia ya Halley. Unayoyaona wiki hii, ya Mapacha, ni ya pekee, maana mama yake ni asteroidi (mwamba unaozunguka jua) inayoitwa Phaethon. Kilele ni usiku wa 13 kuamkia 14. Kaa nje, utapata vingi.


Mzee Darubini, 13 Desemba 2018

Wanangu, nimesoma kimya, niseme kidogo.

Mwaka 1986 nilikuwa kijana na niliisubiri Halley kama mtu anavyosubiri mgeni aliyeandikiwa barua. Niliiona mara tatu. Kila mara ilikuwa kijiukungu. Niliumia. Nilikuja kuelewa baadaye kwamba ilipokuwa karibu na jua, tarehe 9 Februari, sisi tulikuwa upande wa pili wa jua. Katika safari zake zote zinazojulikana kwa miaka elfu mbili, ile ilikuwa miongoni mwa mbaya kabisa kwa mtazamaji. Itarudi 2061. Mimi sitakuwepo. Nyie muitazameni vizuri.

Ila nilikaa na ule ukungu. Nikauchora. Na kwa sababu ya kuuchora nilijua nyotamkia hafifu inafananaje, hivyo miaka kumi baadaye, Hyakutake ilipokuja, niliiona wakati bado wengine hawaijui. Yuji Hyakutake aliigundua tarehe 30 Januari 1996 kwa darubini ya macho mawili, kubwa, 25x150. Alikuwa amerudi sehemu ile ya anga kuitazama nyotamkia nyingine aliyoigundua mwenyewe wiki chache kabla, akakuta pana ya pili. Mwezi Machi ilipita kilomita milioni 15 kutoka hapa tulipo na mkia wake ulivuka sehemu kubwa ya anga. Niliamsha nyumba nzima.

Mwaka uliofuata Hale-Bopp. Hiyo iliweza kuonekana kwa macho matupu miezi 18. Waliiona usiku mmoja watu wawili wasiojuana, Julai 1995, Alan Hale na Thomas Bopp, wote wakilitazama fundo la nyota la M70, la 70 kwenye orodha ya Messier. Bopp hakuwa na darubini yake. Alikuwa anatazama kwa ya rafiki. Nayasema haya kwa kijana aliyefungua uzi: kifaa ulicho nacho kinatosha. Endelea.


Kesha, 13 Desemba 2018

Shikamoo Mzee. Nimekusoma mara mbili.

Lenzi50, ni kweli, nilikuwa nafungua simu kila dakika chache. Leo nimeiacha ndani. Nimekaa nusu saa bila kufanya chochote, na nilichokiona kwanza ni kwamba nyota zimeongezeka. Zipo nyingi mara mbili ya nilizozizoea. Nebula ya Jabari nimeiona. Andromeda imenichukua dakika kumi, na imekuja kama ulivyosema: nilipoacha kuitazama.

Wirtanen bado. Lakini mwezi ulikuwa juu.


Mzee Darubini, 13 Desemba 2018

Marahaba. Andika kwenye daftari: tarehe, saa, darubini gani, hali ya anga, na neno "sikuona". Usiache usiku huo bila kuandikwa. Mtu anayeandika vile tu alivyoviona atakuja kudanganywa na daftari lake mwenyewe.


Nukta, 14 Desemba 2018

Mimi swali langu ni zito kidogo. Hiyo kilomita milioni 11 si karibu sana? Na gesi yake ikitufikia? Bibi alikuwa akisema nyota yenye mkia haiji bure.


Bi Kilimia, 14 Desemba 2018

Ni mara 30 ya umbali wa mwezi. Haitugusi.

Hofu ya gesi ina historia, Nukta. Mwaka 1910, Halley ilipokaribia, wanasayansi walikuwa wamegundua sayanojeni, gesi yenye sumu, kwenye nyotamkia, na ikajulikana kwamba dunia ingepita kwenye mkia wake mwezi Mei. Watu waliziba madirisha na milango. Wachuuzi waliuza vidonge vya kujikinga. Mkia wa nyotamkia ni mwembamba kuliko ombwe tunalotengeneza kwenye maabara nyingi. Hakuna aliyedhurika na hakuna kilichopimika. Waliofaidi ni waliouza vidonge.

Bibi namheshimu. Kitu kilichotokea bila taarifa kwenye anga ambalo watu walilijua kwa moyo kilistahili kuogopwa. Ni Edmond Halley aliyeondoa sehemu kubwa ya hofu hiyo alipoonyesha kwamba nyotamkia za 1531, 1607 na 1682 ni moja, na kwamba ingerudi takribani mwaka 1758. Alifariki 1742. Aliyeiona ikirudi alikuwa Johann Palitzsch, mkulima wa kando ya Dresden aliyejifundisha nyota mwenyewe, usiku wa Krismasi 1758. Messier alikuwa anaitafuta Paris kwa miezi na bado hajaiona.


Lenzi50, 14 Desemba 2018

Kwa siku zilizobaki: kesho, tarehe 15, mwezi ni nusu na utatua karibu na saa sita usiku. Subiri utue. Wirtanen usiku huo na wa 16 itakuwa jirani kabisa na fundo la nyota la Kilimia, upande wa ile nyota nyekundu inayokifuata, Aldebaran. Pima kwa mkono: ngumi moja kwenye mkono ulionyooshwa ni nyuzi 10 hivi, kidole cha mwisho ni uzi 1. Nyotamkia itakuwa ndani ya nusu ngumi kutoka Kilimia. Huhitaji simu wala programu.

Baada ya hapo itakwenda kaskazini na mwezi utazidi kukua mpaka tarehe 22. Kesho na keshokutwa ndiyo siku zako.


Kesha, 16 Desemba 2018, alfajiri

Nimeiona.

Naandika kabla sijalala. Mwezi ulitua nikiwa tayari nimekaa nje saa nzima. Nilianza na Kilimia, nikashuka polepole kuelekea Aldebaran, na kabla ya kufika nusu ya njia pakawa na sehemu ambayo nilidhani lenzi imeshika mvuke. Nikafuta lenzi. Nikarudi. Pale pale. Nikagonga darubini kama Lenzi50 alivyosema, ule ukungu ukatikisika pamoja na nyota.

Ni kubwa! Nilikuwa natafuta kitu kidogo wakati wote. Katikati pana unene kidogo, halafu inafifia taratibu mpaka hujui inaishia wapi. Haina mkia. Ni kijivu. Niliichora saa saba kasorobo, nikaweka nyota nne zinazoizunguka. Nikaichora tena saa nane na nusu. Imehama. Nyota moja iliyokuwa ukingoni mwa ukungu sasa iko nje, na ukungu umesogea zaidi ya nusu ya upana wa mwezi mzima. Ndani ya usiku mmoja, mimi mwenyewe nikiwa nimekaa kiti kilekile.

Hicho ndicho kilichonifanya nisimame. Picha zote nilizoziona hazikunionyesha kwamba kinasafiri.


Mzee Darubini, 16 Desemba 2018

Hongera, mwanangu. Hiyo michoro miwili itunze pamoja.


Mbalamwezi, 17 Desemba 2018

Nimeiona pia! Kwa macho matupu sikuweza, kwa darubini ya kuazima ndiyo. Nimesoma kwamba hii Wirtanen ndiyo iliyokuwa ifuatwe na chombo cha anga cha Rosetta, ni kweli?


Lenzi50, 17 Desemba 2018

Kweli. Roketi ya aina ya Ariane 5 ilifeli Desemba 2002, safari ya Rosetta ikaahirishwa, na nafasi ya kuifikia Wirtanen ikapita. Wakachagua 67P/Churyumov-Gerasimenko, na Philae, chombo kidogo kilichobebwa na Rosetta, ikatua huko tarehe 12 Novemba 2014. Ile uliyoiona jana ingekuwa ndiyo yenye picha za majabali na vumbi ambazo dunia nzima imeziona.


Lenzi50, 14 Septemba 2019

Nafufua uzi kwa habari. Tarehe 30 Agosti Gennadiy Borisov, mtazamaji wa Crimea anayejitengenezea darubini zake, alikamata nyotamkia kwa darubini ya sentimita 65 aliyoiunda mwenyewe. Mzingo wake, yaani njia yake, haufungi. Imetoka nje ya mfumo wa jua letu. Ni nyotamkia ya kwanza ya aina hiyo kuwahi kuonekana, na imepatikana kwa mikono ya mtu binafsi wakati kamera za kiotomatiki zinapekua anga kila usiku.

Hatutaiona kwa darubini zetu za mkononi, ni hafifu mno. Nimeona tu si vizuri uzi huu uikose.


Mbalamwezi, 26 Aprili 2020

Wakuu, nyotamkia ya ATLAS Y4 imekufa? Mwezi wa 3 walisema itang'aa kama Zuhura.


Bi Kilimia, 26 Aprili 2020

Imevunjika vipande. Darubini ya anga za juu ya Hubble imevipiga picha.

Nimejifunza kutoshika utabiri wa mwangaza kwa nguvu. Nyotamkia inayokuja kwa mara ya kwanza karibu na jua ina barafu ya juu ambayo ni rahisi kuyeyuka. Inang'aa mapema ikiwa bado mbali, watu wanachora mstari kwenda juu, halafu ile barafu inakwisha. Kohoutek mwaka 1973 ilikuwa hivyo. ISON ilisambaratika tarehe 28 Novemba 2013, siku ileile ilipozunguka jua, na tulikuwa tumepanga mkesha. Na kuna zinazofanya kinyume. Holmes, Oktoba 2007, ilitoka daraja la 17 mpaka la 3 ndani ya siku mbili bila sababu iliyotangulia kuonekana. Aliyeiona ni yule aliyekuwa nje.


Kesha, 24 Julai 2020

Nyotamkia ya NEOWISE, kwa walioulizia. Nimeiona jana jioni, chini sana upande wa kaskazini magharibi, dakika arobaini baada ya jua kutua. Walioko kaskazini wameifaidi wiki mbili zilizopita ikiwa na mkia wa kuonekana bila kifaa. Kwangu imefika ikiwa imefifia na imezama kwenye ukungu wa upeo. Kwa darubini kichwa kiko wazi na mkia nimeufuata kama nyuzi 3.

Nimeona wengi wakilaumu kwamba wametazama wasione. Hewa ya upeoni ni nene. Nyota ikiwa nyuzi 5 juu ya upeo inapoteza mwanga mwingi kabla haijakufikia. Chagua mahali pasipo na kilima wala mti upande huo, fika kabla jua halijazama, na usiguse darubini mpaka jua liwe limetua kabisa. Jicho moja kwa jua kupitia 10x50 ni jicho lililopotea, na halirudi.


Nukta, 9 Oktoba 2024

Uzi huu bado upo? Mwanangu ana miaka tisa na ameniuliza kuhusu nyotamkia ya Tsuchinshan-ATLAS. Nikakumbuka hapa. Mzee Darubini bado yupo jamvini?


Bi Kilimia, 9 Oktoba 2024

Mzee hatunaye tena, Nukta. Alitutoka mwaka jana. Daftari zake zote, tangu 1986, anazo Kesha.


Kesha, 10 Oktoba 2024

Nukta, karibu tena, na msalimie mtoto.

Hii ni ya kweli. Julai mtaalamu mkubwa wa nyotamkia, Zdenek Sekanina, aliandika kwamba itasambaratika kabla ya kulifikia jua. Haikusambaratika. Ilizunguka jua tarehe 27 Septemba kwa umbali wa kilomita milioni 58 hivi, na mimi niliiona asubuhi zile za mwisho wa mwezi kabla ya mapambazuko, mkia umesimama juu kama mshale. Sasa inahamia jioni. Tarehe 12 ndiyo itakuwa karibu nasi zaidi, kama kilomita milioni 70.

Subirini kuanzia tarehe 13. Tazameni magharibi. Zuhura itawaka upande mmoja, nyota ya Arcturus upande wa kaskazini yake, na nyotamkia itakuwa baina yao. Kila siku itakuwa juu zaidi ya jana na hafifu zaidi ya jana, na mwezi mpevu ni tarehe 17, kwa hiyo 14 na 15 ni siku za kushika. Mpe mtoto darubini kwanza, macho yake ni bora kuliko yako. Usimwambie anatakiwa kuona nini. Mpe karatasi achore.

Na simu ya kisasa inatosha kwa picha: iegemeze kwenye kitu kisichotikisika, hali ya usiku, sekunde chache, bonyeza kwa kipima muda ili mkono usiiguse.


Nukta, 15 Oktoba 2024

Ameiona kabla yangu. Mimi nilikuwa bado naitafuta Arcturus. Amechora mkia unaopinda kidogo, halafu akachora mstari mwembamba unaotoka kichwani kwenda chini, upande wa jua. Nilimwambia hapo amekosea, mkia hukimbia jua. Amekataa kufuta.


Kesha, 15 Oktoba 2024

Asifute! Nami nimeuona jana, na kwenye picha za watu wengi upo. Ni vumbi zito lililobaki kwenye ubapa wa mzingo, yaani bapa ambalo njia ya nyotamkia imelala juu yake. Siku hizi dunia inakatiza ubapa ule, tunaliona kwa ubavu, likionekana kama mstari unaoelekea jua. Kwa kweli liko nyuma ya nyotamkia, ni pembe yetu ya kutazamia tu. Baada ya siku chache halitaonekana tena.

Mwambie mchoro wake ni sahihi kuliko maelezo ya baba yake. Aandike tarehe na saa pembeni.


Mbalamwezi, 30 Oktoba 2024

Kwangu imeshapotea. Naona kila mtu ameacha kuizungumzia. Tuhesabu imekwisha?


Kesha, 2 Novemba 2024

Haijaisha, imekuwa ya watu wa darubini. Mwezi ulikuwa mchanga jana kwa hiyo nimepata giza zuri. Imepanda, imeiacha Zuhura mbali chini. Nimeitafuta bila ramani, nikiteremka nyota hadi nyota, na ilipokuja niliijua palepale, maana ni ukungu uleule wa Wirtanen ila mdogo na umekaza katikati.

Nimeandika kwenye daftari la Mzee, kwenye kurasa zilizokuwa zimebaki:

1 Novemba 2024. Saa mbili kasorobo usiku. 10x50, imeshikwa kwa mkono. Anga safi, hakuna mwezi. Kichwa cha mviringo, kijivu. Mkia mfupi, kwa pembeni tu. Daraja la 6 hivi. Imeonekana.